Duka la mtandaoni bila seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watengenezaji wa programu wanaojenga duka lao la kwanza juu ya huduma za wingu (kompyuta za kampuni nyingine zinazotumiwa kupitia intaneti), na kwa wenye maduka wanaowapa kazi hiyo. Pale ambapo fedha au mzigo wa mtu unaweza kupotea nimejibu kwa kirefu. Kwingine nimepita haraka.

"Bila seva" maana yake seva hazipo?

Zipo. Ila huzioni, huzisasishi, wala huzikodi kwa mwezi. Unakabidhi msimbo wako katika vipande vidogo, tuviite vitendakazi, na mtoa huduma anaendesha kila kimoja pale tu kinapoitwa: mteja amefungua bidhaa, picha imepakiwa, ujumbe umeingia kwenye foleni. AWS Lambda (AWS ni huduma za wingu za Amazon), iliyotangazwa Novemba 2014, ndiyo iliyoifanya njia hii ijulikane sana. Leo zipo pia Azure Functions, Google Cloud Run functions (zamani Cloud Functions) na Cloudflare Workers. Mifano mingi hapa chini ni ya AWS kwa sababu ndiko nilikofanya kazi zaidi, lakini hoja zenyewe zinahusu wingu lolote.

Duka lina tabia inayoendana na njia hii. Siku ya punguzo wateja wanamiminika kwa saa mbili, kisha usiku hapana mtu. Vitendakazi huongezeka na kupungua vyenyewe, na Lambda huhesabu muda wa kazi kwa milisekunde moja moja. Lakini usidhani kwamba duka likilala basi bili nayo inalala. Hifadhi ya picha na data inaendelea kulipiwa, na huduma kadhaa za pembeni hutozwa kwa saa hata kama hakuna anayezigusa.

Kwa nini nijenge wakati majukwaa ya tayari yapo?

Mara nyingi huna haja. Kama unauza bidhaa za kawaida zenye bei moja kwa kila mtu, Shopify au WooCommerce itakufikisha mapema zaidi na kwa makosa machache zaidi. Jenga mwenyewe pale ambapo duka lina kanuni zake: bei inayofuata mkataba wa kila mteja, tiketi zenye viti maalumu, bidhaa zinazotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi, au ghala ambalo tayari lina mfumo wake na duka halina budi kuufuata. Huwa nawaambia hivi hata wale ambao kazi yao ingekuja kwangu.

Oda inapita njia gani?

Kurasa na picha hukaa kwenye hifadhi ya mafaili kama Amazon S3, na mbele yake kuna mtandao wa usambazaji unaoweka nakala karibu na msomaji. Mteja akibofya "weka kikapuni", kivinjari kinapeleka ombi kwenye lango la API, yaani mlango unaopokea maombi ya programu, lango linaita kitendakazi, na kitendakazi kinaandika kwenye hifadhidata. Hadi hapo mambo ni mepesi.

Uzito unaanzia kwenye "lipa". Kitendakazi cha malipo kinaiandika oda ikiwa na hali ya "inasubiri", kinaiomba kampuni ya malipo ifungue muamala, kisha kinamjibu mteja. Kazi nyingine zote, yaani kutuma barua pepe, kuandaa ankara na kuwajulisha watu wa ghala, zinaingia kwenye foleni na kufanywa baadaye kidogo, kila moja na kitendakazi chake.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kubana yote hayo ndani ya kitendakazi kimoja. Huduma ya barua pepe ikikwama, oda nzima inakwama nayo, na mteja aliyekwisha kulipa anaoneshwa ukurasa wa hitilafu. Yeye hajui kuwa kilichoshindikana ni barua pepe tu. Anachojua ni kwamba fedha imeondoka na hana ushahidi.

Nitumie hifadhidata gani?

Inategemea kama unayajua mapema maswali utakayoiuliza. DynamoDB, hifadhidata ya AWS, hujibu upesi mno maswali iliyopangiwa: nipe oda za mteja huyu, nipe kikapu hiki, nipe bidhaa hii. Ukija na swali ambalo hukulipanga, kwa mfano mauzo ya wiki kwa kila aina ya bidhaa, utalazimika kusoma jedwali zima au kutengeneza faharasa nyingine. Rekodi moja haiwezi kuzidi kilobaiti 400, kwa hiyo usirundike historia yote ya mteja mahali pamoja.

Asili ya hifadhidata hii inafundisha jambo. Mwaka 2007 wahandisi wa Amazon walichapisha maelezo ya mfumo wao wa ndani ulioitwa Dynamo, na mmoja wa mifano yao mikubwa ulikuwa kikapu cha ununuzi. Walitaka mteja aweze kuongeza bidhaa kikapuni hata pale baadhi ya mashine zinapokuwa zimeanguka. Gharama yake ilikuwa kwamba nakala mbili za kikapu kimoja zikiunganishwa, bidhaa iliyokwisha kuondolewa ingeweza kujitokeza tena. Waliikubali gharama hiyo, na naona walifanya vyema: bidhaa iliyorudi kikapuni mteja huiondoa kwa mguso mmoja. Huwezi kuikubali gharama kama hiyo kwenye hesabu ya mzigo (bidhaa zilizobaki za kuuza) wala kwenye malipo. Kabla hujachagua hifadhidata, kaa na mwenye duka mgawanye data zake: zipi zikikosewa kidogo hakuna anayeumia, na zipi hazivumilii kosa hata moja.

DynamoDB ya leo ni huduma tofauti na Dynamo ile. Usipoiambia kitu, usomaji wake unaweza kuwa nyuma kidogo ya maandishi ya mwisho. Ukiomba usomaji wa uhakika, unapewa. Kwa hali ya malipo na hesabu ya mzigo, uombe.

Na kama mkono wako umezoea PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali yanayohusiana, baki nayo, ila chunga miunganisho. Isiporekebishwa, PostgreSQL inapokea miunganisho 100. Vitendakazi 300 vikiamka kwa pamoja, kila kimoja kikitaka muunganisho wake, hifadhidata itaanza kuvikataa wakati ule ule duka limejaa. Weka katikati huduma ya kugawana miunganisho, kama PgBouncer au RDS Proxy.

Wateja wawili wakigombea kipande cha mwisho?

Usisome hesabu, ukaikagua, ndipo uandike hesabu mpya. Kati ya kusoma na kuandika kuna mwanya, na ndani ya mwanya huo mteja wa pili naye amesoma "1". Tuma amri moja yenye sharti: punguza kimoja, endapo tu vilivyobaki ni kimoja au zaidi. Hifadhidata hupima sharti na kuandika kwa pigo moja. Wa kwanza anapata. Wa pili anaarifiwa kuwa bidhaa imekwisha kabla hajatoa fedha.

Oda ikiwa na bidhaa kadhaa, zifunge katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili ama zote zipunguzwe ama isipunguzwe hata moja. DynamoDB huruhusu hadi vitendo 100 katika muamala.

Kuna wanaouliza kama mzigo ushikiliwe tangu unapowekwa kikapuni. Mimi huushikilia mteja anapoanza kulipa, kwa dakika 10 au 15, kwa sababu vikapu vingi huachwa na mzigo ungefungwa bure. Tahadhari moja: DynamoDB inaweza kufuta yenyewe rekodi zilizopitwa na wakati, lakini haifuti dakika ile ile, na rekodi inaweza kubaki hata siku kadhaa. Kwa hiyo kila unaposoma rekodi ya kushikilia mzigo, linganisha saa mwenyewe.

Kwa nini mteja wangu alikatwa fedha mara mbili?

Kwa sababu kuna jambo lilitokea mara mbili na msimbo wako ulidhani haliwezi kujirudia. Swali hili ndilo lililonisukuma kuandika majibu yote haya.

Duka la kwanza nililojenga kwa njia hii lilimkata mteja mmoja mara mbili kwa oda moja. Kitendakazi changu kilingoja jibu la malipo, muda ukaisha, kikajaribu tena. Ombi la kwanza lilikuwa limeshapita; lililopotea njiani ni jibu tu. Tulianza kumrudishia siku ile ile, lakini ilichukua siku kadhaa hadi fedha ikaonekana kwenye akaunti yake, na alikuwa ameitengea kazi nyingine. Sijawahi tena kuandika msimbo wa malipo bila kumkumbuka.

Hebu tazama ni mara ngapi mfumo wa namna hii hurudia mambo kwa makusudi. Foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya foleni ya AWS, inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, na neno "angalau" linaruhusu mara mbili. Kitendakazi cha Lambda kilichoitwa bila mwitaji kungoja jibu, kikishindwa, hujaribiwa tena mara mbili isipokuwa umebadilisha mpangilio. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, isipopata jibu zuri kutoka kwako, huendelea kuituma tena taarifa ya malipo kwa muda wa hadi siku tatu. Na mteja mwenyewe, akiona ukurasa umeganda, anabofya tena. Hakuna hitilafu hata moja hapo. Kurudia ndiko kunakozuia oda isipotee, na ni juu yako kuhakikisha kurudia hakudhuru.

Anza na kitambulisho cha oda. Kitengenezwe mteja anapofungua ukurasa wa malipo, si anapobofya, ili mibofyo yote ya ukurasa ule ibebe kitambulisho kimoja. Kitume kwa kampuni ya malipo kama ufunguo wa ombi. Stripe ikiona ufunguo ule ule tena, hurudisha jibu la mwanzo badala ya kukata upya, na huutunza ufunguo kwa saa 24 au zaidi. Kampuni nyingine nyingi zina utaratibu unaofanana. Kama yako haina, ulizia kabla ya kusaini mkataba.

Kisha, upande wako, kila kitendakazi kinachopokea ujumbe kianze kwa kuandika kitambulisho cha ujumbe huo kwa sharti kwamba hakijawahi kuandikwa. Kikikutwa tayari kipo na kazi yake imekamilika, kitendakazi kijibu "nimepokea" na kiishie hapo.

Hapa pana mtego mdogo ambao huwanasa hata wazoefu. Ukiandika alama kwanza, kisha kitendakazi kikafa katikati ya kazi, ujumbe utakaporudi utaonekana umeshafanyiwa kazi, na oda itabaki imening'inia. Kwa hiyo alama iwe na hali mbili: "inafanyika", ikiwa na muda wa kuisha, na "imekamilika". Atakayekuta "inafanyika" iliyopitwa na muda anaruhusiwa kuichukua upya. Foleni za SQS zinazotunza mpangilio huchuja ujumbe uliojirudia, lakini kwa dakika 5 tu, kwa hiyo zisikufanye uache alama zako mwenyewe.

Kivinjari kikisema malipo yamepita, niamini?

Hapana. Mtu anaweza kufungua anwani ya "asante kwa malipo" bila kulipa chochote. Oda iwe "imelipwa" pale tu kampuni ya malipo inapoituma taarifa moja kwa moja kwa kitendakazi chako, nawe ukaihakiki saini yake ya kidijitali, inayothibitisha nani aliyeituma. Saini hukokotolewa juu ya maandishi yenyewe kama yalivyotumwa, herufi kwa herufi. Ukiyachambua kwanza kisha ukayaunda upya ndipo uhakiki, saini halali itakataliwa, na unaweza kupoteza siku nzima ukitafuta kosa mahali pengine.

Taarifa zinaweza pia kufika zikiwa zimepishana. Ya kurejeshewa fedha ikitangulia ile ya malipo, oda isije ikarudi kuwa "imelipwa". Andika mabadiliko ya hali kwa sharti, kama ulivyofanya kwa mzigo.

Bei niihifadhi vipi?

Kwa namba kamili, katika kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kwenye lugha nyingi za programu 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na tofauti hiyo ndogo ikijumlishwa kwenye kodi na punguzo itakuletea hesabu zisizolingana na za benki. Usidhani pia kuwa kila sarafu ina senti mia. Yeni ya Japani haitumii sehemu ndogo katika malipo, na dinari ya Kuwait ina fils 1,000.

Kivinjari kitume kitambulisho cha bidhaa na idadi, basi. Bei isomwe kwenye hifadhidata yako, na ikishauzwa inakiliwe ndani ya oda, kwa maana bei ya bidhaa itabadilika kesho lakini ya oda ya jana haipaswi kuguswa.

Nihifadhi namba za kadi za wateja?

Usihifadhi. Tumia fomu ya kampuni ya malipo, ili namba ya kadi isipite hata sekunde moja kwenye vitendakazi vyako, na wewe ubaki na tokeni tu, yaani alama inayosimama badala ya namba hiyo. Kila anayegusa data za kadi anafungwa na PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi, na kadiri unavyozigusa kidogo ndivyo unavyokaguliwa kidogo. Toleo la 4.0 la kiwango hicho lilitoka Machi 2022, na masharti yake yaliyoanza kuwa ya lazima 31 Machi 2025 yanagusa hata skripti zinazopakiwa kwenye kurasa za malipo. Ukurasa wa malipo si mahali pa kubandika skripti za matangazo.

Angalia pia kumbukumbu za mfumo, yaani maandishi ambayo vitendakazi huacha kuhusu kazi vilizofanya. Nimekuta zaidi ya mara moja kitendakazi kinachoandika ombi zima kwenye kumbukumbu, pamoja na anwani na simu ya mteja.

Kuchelewa kwa kitendakazi kilicholala kutawafukuza wateja?

Kitendakazi ambacho hakijaitwa kwa muda huhitaji kuandaliwa upya kabla ya kujibu. AWS inasema hali hii hutokea kwa chini ya asilimia 1 ya miito, na huchukua kuanzia chini ya milisekunde 100 hadi zaidi ya sekunde moja. Kurasa za bidhaa ziandae mapema na uziweke kwenye mtandao wa usambazaji, ndipo mteja asihisi chochote. Punguza maktaba, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, unazobeba ndani ya kitendakazi. Kwa malipo peke yake, ukiona kuna haja, lipia vitendakazi vichache viwe macho muda wote.

Kazi ndefu je?

Lambda inakata kazi ikifika dakika 15, na lango la API kwa kawaida halingoji zaidi ya sekunde 29. Ripoti ya mwezi au upakiaji wa maelfu ya bidhaa uuvunje vipande na uuingize kwenye foleni.

Kazi ndefu ya aina nyingine ni ile yenye hatua nyingi: shikilia mzigo, kata malipo, agiza usafirishaji. Hatua ya tatu ikikwama, huwezi kuzifuta mbili za mwanzo kana kwamba hazikutokea. Unachoweza ni kufanya kinyume chake: rudisha fedha, achilia mzigo. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliueleza utaratibu huu mwaka 1987, wakauita saga, na huduma kama AWS Step Functions zinakusaidia kuupanga. Andika hatua ya kurudi siku ile ile unapoandika hatua ya kwenda. Ukisema utaiandika baadaye, itaandikwa siku mteja atakapokuwa ameshalalamika.

Bili inaweza kunilipukia?

Inaweza, na mara nyingi chanzo ni mzunguko. Picha imepakiwa, kitendakazi kinaipunguza ukubwa na kuiandika kwenye hifadhi ile ile, maandishi hayo yanakiita tena kitendakazi, na mchezo unaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Picha asili na picha zilizopunguzwa zikae kwenye hifadhi mbili tofauti. Weka kikomo cha vitendakazi vinavyoruhusiwa kuendeshwa kwa pamoja. Weka tahadhari ya matumizi siku ya kwanza, ukijua kuwa tahadhari hukujulisha tu. Haizimi kitu usipoipangia kitendo. Na weka muda wa kumbukumbu kufutwa, kwani kwenye CloudWatch, huduma ya AWS inayozitunza, usipouweka hukaa milele, nawe unazilipia.

Nitafungwa kwa mtoa huduma mmoja?

Kwa kiasi, ndiyo. Kanuni za duka, yaani kukokotoa bei, kodi na punguzo, ziandike kama msimbo wa kawaida usioijua Lambda wala DynamoDB, na uuite kutoka kwenye vitendakazi vyembamba. Hapo utazijaribu kwenye kompyuta yako bila wingu, na siku ya kuhama utabeba sehemu yenye thamani.

Ni lini njia hii haifai tena?

Msongamano ukiwa mkubwa na wa kudumu usiku na mchana, seva ya kukodi inaweza kuwa nafuu. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ilieleza jinsi ilivyoihamisha huduma yake ya kukagua ubora wa video kutoka Step Functions na Lambda kwenda programu moja iliyounganishwa, na gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Waliokimbilia kusema njia nzima imeshindwa hawakusoma vizuri: kazi ile ilikuwa ya kuchakata video mfululizo, haifanani na duka. Fanya hesabu zako kwa bili zako.

Nipo peke yangu. Nianze na nini?

Na bidhaa moja. Usianze na usajili wa wateja, utafutaji wala kuponi. Jenga njia ya oda peke yake: mzigo wenye sharti, malipo ya majaribio, taarifa yenye saini, foleni, na foleni ya pembeni ya ujumbe ulioshindikana ikiwa na tahadhari inayokufikia simuni. Kisha ishambulie mwenyewe. Tuma taarifa moja mara tano. Bofya "lipa" mara kumi. Kata mtandao katikati ya malipo. Ua kitendakazi kikiwa kimekata fedha lakini hakijaandika oda. Hesabu ya mzigo na hesabu ya fedha zikilingana baada ya yote hayo, ongeza bidhaa ya pili.